Kivebulaya, Apolo
Mwinjilisti Mganda, aliyefariki Boga, mkoani Ituri, Kongo, mwaka 1933. Waanglikana wa Bunia na Ituri yote wanamhesabu kuwa baba yao katika imani. Alifika Boga mwaka 1896. Tabaro, chifu wa hapo, alimshtaki Apolo kwa kifo cha dada wa chifu huyo, naye Apolo akafungwa Fort Portal, Uganda. Alisimulia kwamba katika siku hizo za dhiki Kristo alimtokea. Alipoachiwa alirudi kwa watu walewale waliomshtaki, akawafundisha. Hakuna jibu kwa neema ya Mungu lililo wazi kuliko hilo. Tabaro mwenyewe alibatizwa. Baadaye Apolo aliwaendea Wambuti wa msituni, waliodharauliwa na majirani zao. Kazi yake ndiyo chanzo cha Kanisa la Anglikana nchini Kongo.