Namba ya Sataranji: Nani Aliihakikisha?



Kisa cha sataranji wengi wetu tumekisikia tangu utotoni. Sissa alimwomba mfalme wa Bara Hindi punje 1 ya ngano kwa chumba cha kwanza cha ubao, 2 kwa cha pili, 4 kwa cha tatu, hivyo hivyo mpaka cha 64. Jumla yake ni punje 18,446,744,073,709,551,615. Huwa tunaitaja namba hii kama ajabu, kisha tunaipita. Lakini nani aliihakikisha, na kwa njia gani?

Al-Biruni, mnamo mwaka 1000 hivi, hakupita chumba kimoja kimoja. Alizidisha namba kwa nafsi yake: 2 ikazaa 4, 4 ikazaa 16, kisha 256, 65,536 na 4,294,967,296. Izidishe hiyo ya mwisho kwa nafsi yake, toa 1, umeshafika. Kuzidisha mara sita tu!

Ibn Khallikan, kadhi wa Damascus aliyefariki 1282, alikiri kwamba hakusadiki mpaka karani mmoja wa hesabu wa Alexandria alipomwonyesha kwenye karatasi. Chumba cha 16 kina punje 32,768. Karani akasema tufanye hicho ni kipimo kimoja, mfano wa kibaba chetu. Kutoka vipimo akapanda hadi maghala, na kutoka maghala hadi miji. Chumba cha 64 peke yake kikadai miji 16,384, kila mji una maghala 1,024. Hapo kadhi akaridhika.

Sasa hebu rudini kwenye namba za al-Biruni, kila moja muiongeze 1: 3, 5, 17, 257, 65,537 na 4,294,967,297. Zizidisheni zote pamoja, mtapata ile ile namba ya sataranji. Siri yake ni nyepesi: 16 mara 16 ukitoa 1 ni sawa na 15 mara 17, na 15 nayo ni 3 mara 5. Ndivyo inavyokwenda mpaka juu.

Mwaka 1640 Pierre de Fermat, bingwa wa Ufaransa, alisema anaamini kwamba namba za ukoo huu zote ni tasa, yaani hazigawanyiki ila kwa 1 na kwa zenyewe. Tano za mwanzo kweli ni tasa. Ya sita, Euler mwaka 1732 akaonyesha kuwa ni 641 mara 6,700,417. Kumbe bingwa aliteleza! Na mpaka leo haijapatikana tasa nyingine ya ukoo huo.

Basi Fermat ana jina kubwa na alikosea. Karani wa Alexandria hatumjui hata jina, na hesabu yake imesimama. Sisi tulio ughaibuni tunapenda kuwahadithia watoto wetu fahari ya wataalamu wa Kiislamu. Ni vizuri, ila tusiishie kwenye majina. Tuwape karatasi na kalamu, wazidishe wenyewe mara sita.