Safari, jina la majani

Kamusi zetu zinalieleza neno "safari" kwa mwendo wa kutoka mahali hadi mahali, pia kwa zamu: safari hii, safari ijayo. Wafugaji wa Queensland, Australia, wana maana nyingine. Kwao Safari ni klova, mmea wa jamii ya kunde wenye vijani vitatu-vitatu.

Asili yake ni nyanda za juu za Afrika Mashariki. Wataalamu huiita Trifolium semipilosum. Wengine husema klova nyeupe ya Kenya. Mbegu ilitoka huku, ikachaguliwa na kuzalishwa kule, ikabatizwa kwa Kiswahili.

Jina limeukaa mmea, kwani kweli husafiri: shina hutambaa likitoa mizizi kwenye vifundo. Ng'ombe hula majani, shina likabaki. Kwa hiyo hufaa malishoni kuliko kukatwa. Anayetaka hei, yaani majani ya kukausha, ni afadhali apande klova nyekundu, inayosimama wima. Naye aigeuze taratibu inapokauka, la sivyo majani hupukutika akabaki na vijiti.

Safari hudeka kwa jambo moja. Bakteria wa klova za Ulaya hawaifai, na bila wake mahususi mizizini haipati naitrojeni ya hewani. Basi mbegu hupakwa bakteria hao kabla ya kupandwa, vinginevyo mmea hudumaa na kugeuka manjano.