Sehemu ya 4: Baskeli isiyotoka mlangoni

Mama zangu na dada zangu, hapa Ng'ambo naulizwa kila siku: "Nesi, mazoezi nifanyie wapi? Njiani naona haya, nyumbani nina mtoto." Sikilizeni historia hii.

Februari 2016, Mathew Hayman wa Australia alivunjika mkono kwenye mashindano ya baskeli. Barabarani hawezi, basi akafanya mazoezi nyumbani kwa programu ya Zwift: baskeli inafungwa kwenye kifaa kinachopima nguvu za miguu, skrini inaonyesha njia, ukifika mlimani pedali zinakuwa nzito. Baada ya wiki 6, na miaka yake 37, akashinda Paris-Roubaix, kilomita zaidi ya 250!

Desemba 2020 yakafanyika mashindano ya kwanza ya dunia ya baskeli za ndani. Bingwa wa wanawake ni Mwafrika mwenzetu, Ashleigh Moolman Pasio wa Afrika Kusini.

Mashine ni ghali, lakini kilichowasaidia tunakiweza: kupima, kuandika, kuongeza kidogo kidogo. WHO inashauri dakika 150 kwa wiki, hata kwa aliyejifungua asiye na tatizo. Anza na 10 chumbani, andika kwenye daftari, wiki ijayo 15. Ukiona damu au kizunguzungu, acha, njoo hospitali.