Waratah, Kichaka Kilichobaki na Jina Lake

Wakulima wa kahawa Kilimanjaro na Nyeri wanaujua mgrivea, ule mti wa kivuli. Umetoka Australia, na jina lake ni la Mwingereza, Charles Greville. Sisi tumeliongezea tu m- mbele. Mimi nataka kumzungumzia ndugu yake wa jamii hiyohiyo ya mimea, ambaye jina alilopewa na wenyeji halikufutika: waratah.

Ni kichaka cha mita 3 au 4, mashina yake mengi yakitoka kwenye kisiki kinene kilichojificha ardhini. Majani ni magumu, yana meno pembeni. Ifikapo Septemba na Oktoba, ncha za matawi hubeba vichwa vyekundu kabisa. Ukisogea unagundua kwamba kichwa kimoja si ua moja, bali ni maua madogo yanayoweza kuzidi 200, yamebanana.

Makao yake ni misitu ya wazi kwenye udongo wa mawe ya mchanga, kuzunguka Sydney mpaka Blue Mountains. Rutuba ni kidogo na moto hupita mara kwa mara. Ukiteketeza vyote vya juu, kisiki huchipua, na baada ya miaka kama miwili maua yanarudi.

Waingereza walianzisha koloni lao hapo mwaka 1788. Mwaka uliofuata ndui iliua wenyeji wengi mno. Mwaka 1793, James Edward Smith alipochapisha London kitabu cha mimea ya huko, aliliandika jina lao, waratah. Mwaka 1810 Robert Brown akaupa mmea jina la kisayansi, Telopea, kutoka Kigiriki, yaani unaoonekana toka mbali. Bado watu wakaendelea kusema waratah, na mwaka 1962 likawa ua rasmi la jimbo la New South Wales.

Basi jina likabaki, hata kwenye jezi za raga. Lakini lugha iliyolizaa ilikaribia kunyamaza kabisa. Wanaoifufua leo wanategemea, pamoja na mengine, madaftari ya afisa William Dawes, aliyeyajaza mwaka 1790 na 1791 kwa kufundishwa na msichana mwenyeji, Patyegarang. Huyo ndiye ninayemkumbuka kila nikiona picha ya ua hili. Greville ana mti wake mpaka kwenye mashamba yetu. Patyegarang ana kurasa chache, na wazao wa watu wake wanazisoma.