Kabla Ubuyu Haujawa Umbea: Historia Tamu ya Mikono Isiyo na Majina

Siku hizi ukimwambia kijana wa Dar "nina ubuyu", anaacha alichokuwa anafanya na kukusogelea. Anajua kuna staa kaachwa, kuna mtu kafumaniwa, au kuna meseji zimevuja. Lakini neno hilo lilikuwa na maisha yake kitambo kabla ya kuhamia mtandaoni. Ubuyu ni mbegu za mbuyu zenye unga wake mweupe, zikapikwa na sukari, rangi nyekundu, iliki na pilipili kwa mbali. Mtoto anamung'unya mpaka ulimi, vidole na shati la shule vyote vinakuwa vyekundu. Maana hizo mbili hata hazigombani: ubuyu wa sufuria na ubuyu wa mastaa vyote vinamung'unywa taratibu, na vyote vinaacha alama.

Tofauti ipo kwenye majina. Kwenye ubuyu wa mtandaoni kila mhusika anajulikana mpaka mtaa anaoishi. Kwenye ubuyu wa sufuria, mwanamke wa kwanza aliyetia rangi na iliki kwenye zile mbegu hajaandikwa popote. Vivyo hivyo aliyekunja waya wa kwanza ukawa gari, aliyefunga matambara yakawa mpira, na aliyelivalisha gunzi la mahindi kipande cha kanga likawa mdoli. Utoto wa Waswahili wengi umetengenezwa na watu ambao historia haina hata herufi moja ya majina yao.

Mtaa usio na TV

Kwa mtoto wa mjini wa leo hili ni gumu kuamini: Tanzania Bara haikuwa na kituo cha televisheni mpaka mwaka 1994. Zanzibar ilitangulia mbali, ilianza kurusha picha za rangi mwanzoni mwa miaka ya 1970. Bara kulikuwa na redio, na redio ilikuwa ya baba. Mtoto hagusi.

Sasa mtoto wa Magomeni, Tanga au Dodoma akitoka shule saa nane mchana, alikuwa anafanya nini mpaka Magharibi? Alikuwa anatengeneza. Mabinti na wavulana wadogo walicheza kujipikilisha: vifuu vya nazi ndiyo masufuria, mchanga ndiyo unga, majani ya uani ndiyo mchicha. Bibi akiwa na roho nzuri, anawatupia punje za mchele za kweli na kijiti cha moto, na mchezo unageuka chakula. Wengi walijifunza kuwasha moto na kupima chumvi kwenye mchezo huo kabla hawajaruhusiwa kugusa jiko la wakubwa. Hakuna aliyeita hayo masomo, lakini ndiyo yalikuwa masomo.

Kashata na sukari yenye historia chungu

Kitamu kilichokuwa na heshima zaidi pwani ni kashata. Nazi ya kukunwa au karanga zilizokaangwa, sukari, iliki, basi. Wazee wanailia na kahawa chungu kwenye vikombe vidogo barazani, watoto wanaila hata bila sababu. Ni kitamu rahisi mpaka mtu anaweza kudhani kilikuwepo siku zote.

Lakini sukari haikuwepo siku zote. Katika karne ya 19 bonde la mto Pangani lilikuwa na mashamba ya miwa na mitambo ya kukamulia, na kazi nzito ilifanywa na watumwa. Utamu wa pwani una jasho la watu ambao nao hawana majina. Baadaye, miaka ya 1930, kampuni ya Wadenmarki ikaanzisha shamba kubwa la miwa Arusha Chini, karibu na Moshi, linalojulikana mpaka leo kwa jina la TPC. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 kiwanda cha Kilombero nacho kikaingia kazini. Hapo ndipo sukari ilipoanza kuwa kitu cha kila duka na kila birika la chai, na kashata ikaweza kupikwa hata na mama ambaye hana shamba wala mume mfanyabiashara.

Halafu ikapotea tena.

Kikombe kimoja, chai au kashata?

Vita vya Kagera vilipoisha mwaka 1979, nchi ilikuwa imechoka kabisa. Mafuta ya petroli yamepanda bei duniani, fedha za kigeni hakuna, viwanda vinasuasua. Wananchi waliambiwa wafunge mkanda kwa miezi 18. Miezi ikapita, mkanda ukabaki palepale. Miaka ya mwanzo ya 1980 sukari, sabuni, mafuta ya kupikia na hata nguo vilikuwa vya foleni. Mwaka 1983 serikali ikaendesha msako wa wahujumu uchumi, lakini kukamata walioficha bidhaa hakukujaza maduka.

Fikiria basi mama mwenye kikombe kimoja cha sukari na watoto wanne. Akipika kashata, chai ya wiki nzima itakuwa ya chumvi au ya rangi tupu. Wengi walichagua chai. Ila mtoto haelewi uchumi, mtoto anataka kitamu. Ndipo vikapata umuhimu vile vitamu visivyodai sukari: embe bichi lililokatwa vipande na kupakwa chumvi na pilipili, ukwaju wa kufyonza, ubuyu mkavu wa kubandua kwa meno, muwa wa kumenya. Havikuwa vipya. Vilikuwepo tangu enzi za mababu, ila sasa vilikuwa vinaokoa furaha ya nyumba.

Na pale sukari ilipopatikana, mara nyingi haikuliwa, iliuzwa. Mishahara ya miaka ile ilishuka thamani kiasi kwamba mfanyakazi wa serikali alishindwa kulisha familia mwezi mzima. Kilichobeba nyumba nyingi za Dar ni kile wanawake walichokiita mradi: maandazi, vitumbua, kashata, barafu za ukwaju kwa wenye friji. Mama anapika usiku, watoto wanahesabu na kupanga kwenye sinia, asubuhi sinia linatoka. Kipande kilichovunjika ndiyo mshahara wa mtoto. Kuna madaktari, walimu na mabosi wa leo ambao ada zao zilitoka kwenye sinia hilo, na kwenye wasifu wao wa kazi hakuna sehemu ya kuandika kashata.

Kwa hiyo tusidanganyane kwamba zamani kila kitu kilikuwa raha. Watoto wengi walitengeneza vitu vyao kwa sababu dukani hakuna, na hata kingekuwepo, hela hakuna. Ajabu ni kwamba kutoka kwenye ukosefu huo vilitoka vitu vyenye akili ile mbaya.

Gari lisilo na kiwanda

Chukua gari la waya. Malighafi: waya wa ukuta wa jirani (samahani jirani), henga ya nguo, mbavu za mwavuli uliokufa. Matairi: kandambili iliyokatika, inakatwa miduara minne kwa wembe, au visoda, au vifuniko vya makopo. Usukani: fito ndefu inayopanda mpaka kifuani, juu yake duara la waya. Dereva anasimama wima, anakimbia nyuma ya gari lake, anakata kona kwa mikono miwili na kupiga honi kwa mdomo.

Mjanja wa kitaa hakutengeneza gari tu, alitengeneza gari fulani. Kama mtaani inapita Land Rover ya mkuu wa wilaya, ya kwake itakuwa na boneti ileile. Kama mjini yanapita mabasi ya Ikarus ya UDA, anaunga vipande viwili lipinde katikati. Kuna ekseli inayozunguka na kuna magurudumu ya mbele yanayofuata usukani. Hiyo ni uhandisi wa mitambo, na fundi ana miaka tisa.

Na siyo Bongo peke yake. Malawi gari hilo linaitwa galimoto, jina lilelile wanaloliita gari la kweli. Zambia, Kongo, Kenya, kote lipo. Hakuna kiwanda kilichosambaza ramani yake. Lilisafiri kutoka mtoto hadi mtoto, kila mmoja akiangalia la mwenzake na kuongeza lake.

Kuna mahali ambapo ujanja huo ulipata mtu wa kuuangalia vizuri. Kiunga, kaskazini kabisa mwa pwani ya Kenya, bahari hutupa ufukweni kandambili zilizosafiri na mikondo kutoka nchi za mbali. Watoto wa huko walizikata wakatengeneza vinyago vya kuchezea. Mwishoni mwa miaka ya 1990 mtaalamu mmoja wa uhifadhi wa bahari aliviona, wakina mama wakahamasishwa kuziokota na kuzichonga, na leo twiga na kasa wa kandambili kutoka Kenya wanauzwa sehemu mbalimbali duniani. Wazo lilianza na watoto waliokuwa wanajichezea tu.

Mpira nao una kisa chake. Kwanza ulikuwa wa matambara na majani makavu ya mgomba, ukafungwa kamba kwa ustadi. Ilipokuja mifuko ya plastiki, ile iliyoitwa mifuko ya Rambo, mpira ukawa mwepesi, unadunda, na mvua haiuui. Vizazi kadhaa vya chandimu vimepigwa kwa mpira huo. Tanzania Bara ikapiga marufuku mifuko hiyo tarehe 1 Juni 2019, Kenya ikiwa imetangulia Agosti 2017. Mazingira yalihitaji, hakuna ubishi. Watoto hawakuandamana. Walirudi kwenye soksi na matambara, mechi ikaendelea.

Ruksa

Mwaka 1985 aliingia rais wa awamu ya pili, yule aliyebatizwa Mzee Ruksa, na milango ya biashara ikafunguliwa. Maduka yakajaa. Ikaja mitumba, zikaja pipi za pakiti, vikaja vigari vya plastiki kutoka Asia. Mwaka 1994 ikaja televisheni, baadaye simu janja. Mzazi aliyekulia kwenye foleni ya sukari hangekubali mwanawe aendeshe waya wakati dukani kuna gari linalowaka taa. Nani amlaumu? Kununua ilikuwa njia ya kusema, "mwanangu hatapitia niliyopitia mimi."

Lakini kuna kitu kiliondoka bila kuaga. Vitu hivi havina kitabu. Kashata ya bibi haina vipimo, ina "mpaka uone inaachana na sufuria." Gari la waya halina mchoro. Ujuzi huu ulikaa sehemu moja tu: mtoto amekaa karibu na mkubwa, anaangalia mikono. Kizazi kimoja kikikosa kukaa hapo, mnyororo umekatika, na hakuna data ya kuurudisha.

Wakati huohuo dunia ilikuwa inagundua upya vya kwetu. Mwaka 2008 Umoja wa Ulaya uliidhinisha rasmi unga wa ubuyu kuuzwa kama chakula kipya. Kipya! Watoto wa pwani walikuwa wameshautafuna karne na karne.

Jumamosi moja inatosha

Habari njema ni kwamba mnyororo huu unaungwa kwa gharama ndogo kuliko bando la wiki.

Kashata ya nazi: kuna nazi moja kubwa. Mtoto mdogo anaweza kumenya iliki na kuzitwanga, mkubwa anaweza kukaa kwenye mbuzi akielekezwa. Chemsha kikombe kimoja na nusu cha sukari na nusu kikombe cha maji mpaka ianze kunata. Hapo watoto wakae mbali, shira ya moto inaunguza kuliko maji. Mimina nazi, iliki na chembe ya chumvi, koroga bila kuacha mpaka ikauke na kuachana na sufuria. Tandaza kwenye sinia lililopakwa mafuta, kata vipande ikiwa bado vuguvugu. Kazi ya kuonja vilivyovunjika ni ya watoto, kwa mujibu wa sheria ya zamani.

Ikipoa, gari: boksi la dawa ya meno ndiyo bodi, vijiti viwili vya mshikaki ndiyo ekseli, visoda vinne vilivyotobolewa katikati na mkubwa ndiyo matairi. Mwache mtoto achague ni gari gani. Leo pengine haitakuwa Land Rover, itakuwa mwendokasi. Matairi yakigoma kuzunguka usimsaidie haraka. Dakika zile kumi za kukuna kichwa ndizo zilizomfanya fundi wa miaka tisa awe fundi.

Na kabla ya kuwasha jiko, mpigie bibi, shangazi au mama mkubwa yeyote aliyewahi kubeba sinia. Muulize iliki anaweka mwanzoni au mwishoni, na sukari aliipata wapi mwaka 1983. Akijibu, andika, halafu weka jina lake juu.