Kima Punju na Mashamba ya Unguja

Sayyid Said bin Sultan alipowahimiza wenye ardhi wa Unguja, katika miaka ya 1830, wapande mikarafuu kando ya minazi yao, hapana aliyewafikiria kima. Fikra za watu zilikuwa katika bei ya karafuu, na mzigo wa kazi ulikuwa juu ya migongo ya watumwa walioletwa kutoka bara. Msitu wa magharibi, penye udongo mzito wenye rutuba, ukafyekwa ukawa mashamba. Na kima punju, ambaye asili yake ni Unguja peke yake ulimwengu mzima, akabakiwa na maweni ya kusini na mashariki, ambako jembe hugonga jiwe, pamoja na bonde la Jozani ambalo masika hufurika maji. Kabla haijatungwa sheria yoyote ya kumhifadhi, aliyemhifadhi ni ufukara wa ardhi. Wataalamu wa London, mwaka 1868, walimpa jina la John Kirk, tabibu na baadaye balozi wa Waingereza, kana kwamba wenyeji hawakuwa na jina lao.

Wenyeji walikuwa nalo, na itikadi juu yake: mbwa akila nyama ya punju hunyonyoka manyoya, na mti aukaliao hukauka. Fauka ya hayo, nyama ya kima ni haramu kwa Muislamu. Basi akaepukwa, ijapokuwa hakupendwa.

La ajabu zaidi ni makaa. Miembe na mikungu, miti iliyoletwa na watu kutoka ng'ambo, ina majani yenye lishe nyingi lakini yenye ukali unaosumbua tumbo. Kwa hiyo kima wa mashambani hushuka hadi palipochomwa makaa, akanyakua kipande, akapanda nacho juu na kukitafuna taratibu, na kaa likaufyonza ule ukali. Yaelekea mtoto hulipata zoea hilo kwa mamaye. Wanyama hao, kwa yakini, wamejifunza kuishi kwa masazo ya jiko letu.

Wakulima walilalamika kuwa punju wanawamalizia vidaka vya nazi. Watafiti waliohesabu minazi walikuta kwamba iliyotembelewa sana haikupungukiwa na mavuno, maana mnazi hupukutisha vidaka vingi wenyewe. Lakini anayeviona vidaka vyake mdomoni mwa mnyama hatulizwi na hesabu, nami simlaumu. Kilichomtuliza, angalau kidogo, ni fungu la ada za watalii lililotengwa kwa wakulima na vijiji jirani. Jozani ikatangazwa Hifadhi ya Taifa mwaka 2004, na hesabu iliyotolewa mwaka 2019 ikaonyesha kima zaidi ya 5,800, idadi ambayo wengi hawakuitaraji. Hata hivyo barabara iendayo kusini yapita katikati ya makao yao, na ilikuwa ikiwaua mno mpaka yalipowekwa matuta ya kupunguza mwendo wa magari.