Milango ya Nakshi ya Kihindi: Gujarat, Unguja na Johannesburg

Mlango wa nakshi wa Kihindi ni mlango wa mbao wa pande mbili, pamoja na miimo na vizingiti vyake, kazi ya mafundi wa Gujarat, Kachi, Rajasthan au Tamil Nadu, aghalabu kwa mbao za msaji. Sisi watu wa pwani hatuhitaji kufundishwa sana, maana ndugu yake tumekua naye. Katika Mji Mkongwe wa Unguja, milango ya kale ya Kiarabu ina kizingiti cha juu kilichonyooka. Ile ya upinde, yenye maua na majani yaliyosongamana, ilienea mwishoni mwa karne ya 19, zama za Sayyid Barghash (1870–1888) na baada yake, na mkono wa fundi wa Kihindi umo ndani yake dhahiri. Maduka ya Wahindi yalikuwa na namna yake: mbao za kukunjwa zilizogawanywa miraba midogo, ili asubuhi mlango ufunguke wote na bidhaa zionekane. Njumu za shaba nazo asili yake Bara Hindi, ambako husemwa zilizuia tembo wa vita. Unguja tembo hakuna; zilibaki pambo na ishara ya uwezo.

Nimeikuta tena milango hii Johannesburg, anakokaa binti yangu na mumewe. Mtaa wa Kramerville, karibu na Sandton, una maghala yaliyogeuzwa kumbi za samani, na humo milango ya Bara Hindi imeegemezwa ukutani kama wageni wanaongoja kuitwa. Wajenzi wa huko huacha ukuta mzima mweupe, mtupu, kisha huweka mlango mmoja tu, na nyumba yote hutajwa kwa mlango huo. Wengine huulaza, wakaweka kioo juu, ukawa meza ya sebuleni. Hilo la meza silipendi, lakini nyumba si yangu.

Mji wenyewe unajua maana ya mlango. Mahakama ya Katiba, iliyofunguliwa mwaka 2004 mahali palipokuwa gereza, ina milango mirefu ya mbao iliyochongwa haki 27 za katiba yao. Nilipoiona nilikumbuka Beit al-Ajaib ya mwaka 1883, ambayo milango yake ilichongwa aya za Qur'ani. Mlango wa namna hiyo humsemesha mgeni kabla mwenyeji hajatoka.

Sasa nifike penye fedha za watu. Mkwe wangu aliutaka mlango mmoja ulioandikwa kuwa una miaka 150, akaniomba nikautazame. Mimi nilikuwa karani, kazi yangu ilikuwa makaratasi ya shehena, kwa hiyo sikuanza na nakshi, nilianza na karatasi. Sheria ya India ya mwaka 1972 inahesabu kitu kama hicho kuwa cha kale kikitimiza miaka 100, na hakuna mtu binafsi anayeruhusiwa kukitoa nchini. Afrika Kusini nayo, kwa sheria yake ya urithi ya mwaka 1999, inataka mali ya namna hiyo iingie na kibali cha nchi ilikotoka. Ankara ya mlango ule ilisema "kazi za mikono". Basi ama umri ni wa uongo, na bei yake ni ya uongo, ama umri ni kweli na mlango umetoka kwa njia ya panya. Muuzaji aliniletea chai, kibali hakuleta. Hatukununua.

Mwenye kutaka kuupima mwenyewe atazame nyuma, si mbele. Mlango wa zamani hauna bawaba: ubao wa pembeni umechongwa ncha juu na chini, nazo huzunguka ndani ya matundu ya vizingiti. Kizingiti cha chini kiwe kimelika katikati kwa nyayo za watu. Msumeno wa mkono huacha mikwaruzo iliyonyooka isiyolingana. Wa mashine wa duara huacha nusu duara zilizofuatana. Miimo iliyong'olewa ukutani mara nyingi ina chokaa mgongoni. Milango mingi huwa ya kuungwaunga, miimo ya nyumba hii na mbao za nyumba ile. Hiyo si haramu, ila bei iwe ya mlango wa kuunga.

Hali ya hewa nayo ni hesabu. Johannesburg iko juu kiasi cha mita 1,750, na majira yake ya baridi ni makavu mno. Mbao za pwani husinyaa zikapasuka. Hapa Ghuba ni kinyume: nje unyevu wa kiangazi, ndani kiyoyozi mchana kutwa. Mlango wa kale uwekwe upande mmoja tu, ama nje kabisa chini ya kivuli, ama ndani kabisa.

Familia nyingi zetu zina nyumba Unguja, na madalali hupita wakiuliza mlango tu, nyumba hawaitaki. Kuutoa mlango wa kale nje ya nchi bila kibali cha serikali ni marufuku huko pia. Upigwe picha ukiwa bado ukutani, mbele na nyuma, maandishi ya kizingiti yanakiliwe, na vipimo viandikwe. Nakala moja abaki nayo jamaa aliyeko Unguja, nyingine iwekwe huku pamoja na hati ya nyumba.